Alichotaka Kusema Hironimus

Vijana waliohamia mtaa wa Lizaboni miaka hii miwili wanamwona Hironimus kuwa mzee mpole. Wanapita mbele ya nyumba yake, wanamwamkia shikamoo, naye anainua mkono, basi. Mmoja wao alimwambia mkewe, Lidwina, kwa nia njema kabisa, kwamba mama ana bahati kuishi na mzee mtulivu asiye na maneno. Lidwina alimshukuru, akaingia ndani, akafunga mlango, na huko ndani akacheka peke yake hadi akajikuta analia.

Hironimus asiye na maneno! Wapo watu kuanzia hapa Songea mpaka Tunduru, na bado wana akili zao timamu, ambao wako tayari kula kiapo kwamba hajazaliwa wa kumshinda mwanamume huyo kwa mdomo. Miaka ya themanini alikuwa kondakta wa basi la Tunduru. Enzi hizo barabara ni udongo mtupu, na mvua zikikolea safari ya siku moja inageuka ya siku tatu. Basi likizama kwenye tope, abiria wa mabasi mengine walikuwa wakitukanana na dereva. Abiria wa Hironimus walikuwa wakicheka. Alisimama kwenye ngazi ya mlango, suruali imekunjwa hadi magotini, akawasimulia. Wachuuzi wa samaki, masista wa misheni, walimu wanaokwenda kuripoti kazini, wote wamekaa kwenye majani wanamsikiliza, huku mtu amewasha moto anachoma mahindi. Trekta la kuvuta basi lilipotokea, kuna waliosikitika.

Lidwina alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alitumwa Namtumbo kumpikia dada yake aliyejifungua. Alishukia Tunduru. Basi lilisimama Namtumbo, watu wakashuka, mizigo ikashushwa, na yeye amekaa tu kwenye kiti chake anangoja mwisho wa kisa cha padri mmoja na pikipiki yake iliyokuwa haiwaki mpaka iombewe. Dada yake alikaa siku tano bila wa kumsongea ugali, na hilo jambo hajalisamehe mpaka leo. Lidwina akikumbuka safari ile anasikia sauti kwanza, kabla hajaona sura. Ilikuwa sauti nyepesi, yenye mbio, inayojua mahali pa kusimama ili mcheke na mahali pa kuondoka kabla hamjamaliza kucheka.

Dereva wa basi hilo alikuwa Abdulatifu, Myao wa Nalasi, mfupi, mweusi wa kung'aa, mtu wa swala tano na matusi kumi. Matusi yenyewe yalikuwa ya halali, maana Hironimus ni Mngoni, na hawa wawili ni watani. Kwa huku kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukania babu yako kaburini, akakwambia umefanana na nguruwe siku ya harusi yako, na wewe huna haki ya kununa. Haki yako ni moja tu, kumjibu. Ukikasirika umeshindwa, na ukichelewa umeshindwa vilevile. Kwa miaka kumi na moja wale wawili walisafiri wakitukanana kutoka stendi hadi stendi, na hakuna aliyewahi kumkuta Hironimus hana jibu.

Sasa sikiliza jinsi mdomo ule ulivyofungwa.

Ilikuwa Alhamisi moja, miaka miwili iliyopita. Kila Alhamisi jioni wanajumuiya wa parokia husali nyumba kwa nyumba, na siku hiyo Hironimus ndiye aliyepangiwa kusoma somo. Aliinuka, akayumba, akashika bega la aliyekaa mbele yake. Alipofungua kinywa yakatoka maneno mazito, yenye kujikwaa, moja linapanda juu kama mtu anayefokea ng'ombe na jingine linazama halisikiki. Akina mama wakaangaliana. Kuna kilabu cha pombe ya komoni njiani unapotoka kwake, na kila mtu alifanya hesabu zake kimya kimya. Mwenyekiti wa jumuiya akamwendea taratibu, akakitoa kitabu mikononi mwake, akamwambia baba nenda kapumzike.

Lidwina alimpitisha njia ya nyuma ili wasionekane. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu. Walipofika penye giza la migomba akamshika kidevu, akamnusa mdomo. Alisikia harufu ya chungwa alilokula baada ya chakula cha mchana, basi. Hata hivyo hakumwamini, akamlaza bila kumsemesha. Kulipokucha mumewe alikuwa anatapika na hawezi hata kukaa kitandani. Kile kitendo cha kumnusa hajawahi kumsimulia mtu. Anakipeleka kwenye kitubio kila Kwaresima, na padri amekwisha kumwambia inatosha.

Kilikuwa kiharusi, lakini si kile walichokizoea watu, cha mkono mmoja kuning'inia na mdomo kwenda upande. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, na binti mmoja mtaalamu wa mazoezi, Shakila jina lake, akawaketisha chini kuwaeleza. Akajishika mwenyewe kisogoni. Hapa nyuma, chini kabisa, akasema, kuna ubongo mdogo, umejificha chini ya ule mkubwa. Zamani hata wataalamu walifikiri kazi yake ni kumfanya mtu asimame na kutembea bila kuyumba. Siku hizi wanajua kwamba hata kuongea kunapitia hapo.

"Bibi, umewahi kutwanga na wenzio kinu kimoja?" akauliza.

"Tangu nina miaka saba."

"Mkiwa watatu, mbona michi haigongani?"

Lidwina akafikiri. "Unajua tu. Mchi wa mwenzio haujatua, wewe wako umeshaanza kuondoka."

"Ndiyo kazi ya huo ubongo mdogo. Mtu akiongea, neno moja halijatua, yeye ameshaliandaa la pili. Mwenzake akiongea, anakisia mwisho wake kabla haujafika, ndiyo maana anajibu pale pale. Mzee maneno yake yote anayo. Akili yake ni ile ile. Kilichoumia ni ile kujua saa ngapi neno litoke." Akamgeukia Hironimus. "Babu, dawa ni kuongea. Kila siku. Hata ukichelewa, hata wakicheka, ongea. Ubongo huu hujifunza kwa kurudiarudia."

Hayo Lidwina aliyasikia vizuri. Ila alikuwa ameshamwona mumewe akihangaika dakika nzima kuomba maji, jasho limemtoka, na moyo wake haukuweza. Hapo ndipo ilipoanza ile tabia.

Hironimus akisema, "Nipe ma...", Lidwina ameshafika na kikombe. Akisema, "Yule mtu wa... wa...", Lidwina anamalizia, "wa mbolea, amekuja jana, nimemwambia arudi Jumatatu." Mgeni akimwuliza mzee hali, Lidwina anajibu mzee hajambo. Alifanya hivyo kwa upendo, na alikuwa hodari. Baada ya miaka thelathini na tisa ya ndoa, nani angeyajua mawazo ya Hironimus kuliko yeye? Mwanzoni Hironimus alikuwa akiinua kidole, kama mtu anayesema ngoja. Baadaye kidole nacho kikaacha kuinuka. Mwaka wa pili ulipofika nusu yake alikuwa anasema Amina kwenye sala, na zaidi ya hapo hakuna. Nyumba ikawa na amani ambayo Lidwina hakuipenda. Akiwa anapepeta mahindi nyuma ya nyumba alikuwa akisimama kidogo, akatega sikio kuelekea barazani, kisha akakumbuka.

Basi mwaka huu, Julai, baada ya mavuno, binti yao wa mwisho Pamela akapata wa kumwoa, kijana wa Namtumbo. Mambo yote ya posa yakaenda salama. Ikabaki Ijumaa ya kumuaga binti, na hiyo Ijumaa ndiyo iliyomnyima Lidwina usingizi. Katika ukoo wao binti hatoki nyumbani mpaka baba yake asimame mbele ya pande zote mbili, ampe usia kwa kinywa chake, amnyunyizie maji ya baraka. Baba akiwa marehemu husimama baba mdogo. Baba akiwa hai hasemewi.

Hironimus alichukua karatasi, na kwa mwandiko unaocheza akaandika maneno mawili. *Osmund aseme.* Osmund ni mdogo wake, fundi wa kuchomelea, mtu mwema mwenye sauti nzuri. Lidwina aliisoma ile karatasi, akasema ndiyo, sawa, na ukweli ni kwamba alishusha pumzi. Wageni wa Namtumbo hawajui habari za ubongo mdogo. Wangemsikia mzee anavyoburura maneno na wangefanya hesabu zilezile za jumuiya.

Pamela alitoka nje, akasimama karibu na tanuri la zamani la matofali akiwa ameipa nyumba mgongo. Lidwina alipomfuata akamkuta macho mekundu.

"Mama, baba hajafa."

"Najua hajafa."

"Kwa hiyo mimi naondoka kama yatima?"

Kumbe Pamela kabla ya kutoka pale alikuwa ameshampigia simu mtu.

Abdulatifu alifika Alhamisi saa nne asubuhi, na mtaa mzima ulijua. Alisimama nje ya uzio na mfuko wa korosho begani, kofia imekaa upande, ndevu zote nyeupe, akapaza sauti. "Wenye nyumba! Nimesikia kuna Mngoni humu ameibiwa ulimi. Nimekuja kuangalia kama ni kweli, maana ulimi wenyewe ulikuwa wa wizi tangu mwanzo!"

Hironimus barazani akashtuka. Uso wake wote ukafunguka, na Lidwina aliyekuwa anatoka jikoni alisimama mlangoni kuutazama, kwa kuwa alikuwa hajauona siku nyingi. Midomo ya mzee ikaanza kutafuta. "We... we... M..."

"Karibu, shemeji, karibu!" Lidwina akadakia. "Anasema we Myao, umefuata nini. Karibu kiti. Za Nalasi? Korosho zimependeza mwaka huu?"

Uso wa Hironimus ukarudi ulivyokuwa.

Abdulatifu aliketi, akanywa chai, akala viazi. Waliongea mambo mengi. Waliikumbuka ile barabara, wakakumbuka mto uliowazuia siku mbili hadi abiria wakaanza kuozeshana, wakamkumbuka sista aliyesukuma basi akiwa amevua viatu. Sasa ni lami tupu, Abdulatifu akasema, mtu unalala Songea unaamka Tunduru, hata hujamfahamu uliyekaa naye. Kila alipomgeukia mtani wake na swali, Lidwina alijibu. Alijibu vizuri, kwa ucheshi hata. Adhuhuri ilipoingia Abdulatifu akaomba mahali pa kuswali, na alipomaliza akamfuata Lidwina nyuma ya nyumba alikokuwa anachagua maharage.

"Shemeji, nimekaa saa mbili na nusu. Nimezungumza na wewe, alhamdulillahi, nimefurahi. Mtani wangu sijazungumza naye bado."

"Hawezi, shemeji. Umemwona."

"Sijamwona. Hujanipa nafasi ya kumwona."

Lidwina akauweka chini ungo. Alikuwa mtu wa heshima lakini hasira alikuwa nazo, tena za karibu. "Shemeji Abdulatifu, umekuja leo asubuhi. Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko. Mimi ndiye niliyemshika kiuno akijifunza kutembea tena, mtu mzito kama yule. Unajua inavyouma kumwona anatoa jasho kwa neno moja? Nikimsaidia ndiyo nimekosa?"

"Wallahi sikulaumu. Mungu akulipe." Alichuchumaa pale mbele yake, magoti yakilia. "Ila nakuuliza. Basi letu lilikuwa linachelewa siku tatu. Kuna siku hata moja ulisikia halikufika?"

Lidwina akaurudia ungo, akaendelea kuchagua.

"Huyu hakushindwa. Anachelewa. Na sisi wote tunashuka kabla hajafika." Akachukua harage moja bovu kwenye ungo akalitupa. "Kesho nitamchokoza mbele za watu. Nitamchokoza vibaya. Nakuomba kitu kimoja tu, nikishamaliza, usinijibu wewe."

"Na wakimcheka?"

"Mimi ni mtani. Wakimcheka yeye nitawageuza wanicheke mimi. Lakini ukinijibu wewe, shemeji, hapo nitakuwa nimekuja bure."

Hakumwahidi. Jioni nzima alilibeba lile ombi kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, na wakati wa chakula Hironimus alipoanza, "Chu...", mkono wake ulishafika kwenye chumvi kabla hajajua.

Ijumaa ikafika. Kulikuwa na kile kibaridi cha Julai, jua kali na upepo unaoshuka kutoka milima ya Matogoro, watu wamevaa masweta chini ya turubai. Wageni wa Namtumbo walikaa upande wa kulia, wenyeji kushoto. Pamela alikuwa katikati, kwenye mkeka, kitenge kimemfunika kichwa. Meza ndogo ilibeba bakuli la maji. Hironimus alikaa kwenye kiti cha mbele na koti lake la suti, Lidwina karibu yake, hatua mbili. Osmund akasimama, akakohoa.

"Ndugu wa pande zote mbili, kwa niaba ya kaka yangu, ambaye afya yake..."

"Kaa chini wewe!"

Abdulatifu alikuwa ameshafika katikati. Kofia amevaa nyuma mbele, kiunoni amejifunga kanga ya jikoni, na mkononi ameshika mwiko. Wenyeji wakaanza kutabasamu. Wageni wakaangaliana.

"Mimi ni Myao," akawaambia wageni. "Huyu mzee ni mali yangu, kwa hiyo nyie mkae kimya. Jamani, hawa Wangoni mnawaona? Walitoka Afrika Kusini huko kwa miguu. Kwa miguu! Wakapotea njia, ndiyo mkawakuta hapa. Nikadhani miaka yote hii wamepata akili, wamepata usafiri. Wapi! Hata maneno yao bado yanatembea kwa miguu!" Akamsogelea Hironimus, akaanza kuyumba, akalegeza ulimi. "Na-na-nao-mba... ma-ma-maji..." Akamwiga sawasawa, na uzito wa ulimi na kupanda na kushuka kwa sauti. "Tunamngoja huyu tangu mwaka juzi, neno moja halijafika. Mngoni! Maneno yako yamelala wapi? Namtumbo?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja upande wa wageni alitazama chini. Osmund alikuwa amekunja ngumi. Lidwina alisikia damu ikimpanda hadi masikioni, kwa kuwa kwa miaka miwili watu wote walikuwa wakijifanya hawasikii jinsi Hironimus anavyoongea, na sasa mtu mmoja amelisema hadharani, tena kwa kumwiga. Akamtazama mumewe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinua kidole.

Abdulatifu akaacha kuyumba. Akasimama na mwiko wake, kimya, akangoja.

Hironimus akashika fimbo, akainuka. Akapanua miguu ili asianguke. Midomo ikasogea, ikarudi. Mtoto fulani akauliza kitu, akanyamazishwa. Turubai lilipigwa na upepo, likatulia, likapigwa tena. Lidwina alijua kabisa kinachotakiwa, neno ni *kweli*, lilikuwa pale pale kwenye midomo ya mumewe, na kwake yeye lilishafika mpaka kwenye meno. Akachukua pindo la kanga akalitia mdomoni.

"Ni... kweli," akasema Hironimus. Sauti ilitoka kubwa mno. "Tuna... tembea... kwa miguu."

Akapumua. Osmund alitaka kusogea amshike, Abdulatifu akamzuia kwa mwiko.

"La-kini... tuli-po... fika..."

Akakwama. Alikwama muda mrefu. Upande wa wageni mama mmoja alijifuta jicho. Na Lidwina alijua, kama anavyojua jina lake, mwisho wa sentensi ile. *Tuliwashinda.* Tulipofika tuliwashinda. Ni Hironimus, angesema nini kingine? Amsaidie. Neno moja tu, alimalizie polepole, hata wasisikie wageni, amwokoe mwanamume wa watu na ile aibu. Akaing'ata kanga mpaka taya likauma.

"...tuli-po-fika," akarudia Hironimus, jasho likimshuka, "ba-bu yako... a-li-kuwa... a-me-sha... kimbia."

Kwanza palikuwa kimya kama nukta moja, watu wanaiunganisha. Halafu turubai lote likalipuka. Wazee wa Kingoni walipiga fimbo chini. Akina mama wakapiga vigelegele. Wageni wa Namtumbo, ambao nao hawakukosa babu aliyekimbizwa, walishikana mabega kwa kicheko, na Abdulatifu alitupa mwiko, akajitupa chini kabisa kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akipiga kelele, "Ameniua! Miaka arobaini ananiua huyu mtu! Nizikeni Nalasi!"

Lidwina hakucheka. Alikuwa amekaa na kanga mdomoni. *Ameshakimbia.* Yeye asingelipata neno hilo hata angepewa wiki nzima. Lake lilikuwa *tuliwashinda*, neno bovu, neno la mtu yeyote, na angelitia mle kinywani mwa mumewe kwa huruma zake zote, na watu wangetabasamu kwa adabu, na lile lingine lisingezaliwa. Akaanza kuwaza ni sentensi ngapi. Kila siku, miaka miwili, asubuhi hadi jioni, ni sentensi ngapi za mwanamume huyu amezimalizia kwa maneno yake mwenyewe? Yule mtu wa mbolea, je, ni kweli alikuwa anamwuliza habari za mbolea?

Kicheko kilipopoa, Hironimus alikuwa bado amesimama. Osmund akarudi kwenye kiti chake bila kuambiwa. Mzee akasogea hatua moja, hatua ya pili, mpaka kwenye bakuli. Mkono wake ulitetemeka, maji mengi yakamwagika mezani kabla hayajafika kichwani kwa Pamela.

"Mwana... ngu."

"Baba."

"Wata-kwambia... mhe-shimu... mume. Sawa. Hilo... utalisikia... kanisani." Akapumzika. Safari hii hakuna aliyehangaika, walimngoja kama watu waliokaa kwenye majani. "Mimi... langu ni... jingine. Mama yako... nime-m..."

Lidwina akafumba macho. *Nimemtesa*, alijua. *Nimemchosha.* Akasema moyoni, sitaki, usiseme hivyo mbele ya watu, hujanitesa. Kanga ilikuwa bado mdomoni.

"...nime-m-kumbuka."

Watu wakageuza shingo. Mama mwenyewe si yule pale amekaa? Mgeni mmoja alimnong'oneza jirani yake kwamba mzee amechanganyikiwa. Hironimus alimsikia, akatikisa kichwa.

"Yupo... pale. Namwona. Ana-nilisha. Ana-nivalisha. Ana-ni... semea." Akayafuta mate kwa kiganja, polepole, bila haya. "Lakini tangu... niugue... haja-ni-bishia. Hata... siku moja. Niki-sema... ndiyo. Nisi-po-sema... ndiyo. Mimi nili-oa... mbishi. Tume-bishana... miaka... thelathini na... saba. Nyumba ilikuwa... na watu. Mbishi wangu... yuko wapi? Nime-m-kumbuka... sana."

Pamela alikuwa analia chini ya kitenge. Abdulatifu, bado chini na vumbi lake, alivua kofia.

"Basi... wewe... ukabishane na mume wako. Na yeye... akichelewa... ku-jibu..."

Lidwina alisimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi shingoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya zamani, ile iliyokuwa ikisikika mpaka kwa majirani wa tatu. "Hironimus! Mimi mbishi? Unanisema mbele ya wakwe? Nani alikataa kumeza vidonge wiki nzima mpaka nikavitia kwenye uji? Nani alibisha kwamba Januari ina siku thelathini, hadi tukaenda kuulizana kwa..."

Mumewe aliinua kidole. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lenyewe limekwenda upande kidogo, na macho yake yalikuwa ya yule kijana wa kwenye ngazi ya basi.

"Sija... maliza," akasema.

Lidwina akafunga mdomo. Akavuta kiti chake kikawa karibu na cha mumewe, akaketi, akangoja.